Bwana Takriban na Daftari la Mkwewe

Abeid Mwinjuma alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hakuna hospitali Morogoro nzima ingeuweza: hakuwa na subira ya kumwacha mtu amalize sentensi. Ukianza kumwambia, jana nilipokuwa nakwenda, anakudakia, Msamvu, kumbe wewe ulikuwa unakwenda Kihonda. Ukimwambia friji yako inatoa, anasema maji, na tayari ameshapiga magoti na bisibisi mkononi, kumbe inatoa harufu. Kazini kwake, chuoni Mzumbe alikokuwa fundi umeme, walishamzoea. Mkewe Raya naye alishamzoea, ila alikuwa na dawa yake: akidakiwa ananyamaza, na kunyamaza kwake kuliweza kufika hadi chai ya kesho asubuhi.

Sasa mtu kama huyo mpe redio uone.

Maana Abeid alikuwa mwanaredio wa ridhaa. Si mtangazaji, la. Hawa ni wale watu wenye leseni, wenye mashine ya kupokea na kurusha mezani na waya mrefu juu ya paa, wanaozungumza na wenzao wa Japani na Brazili bila simu wala bando. Kila mmoja ana jina lake la hewani, mchanganyiko wa herufi na namba, na la Mtanzania huanza na 5H. Na kama ilivyo kwa binadamu popote, wakikaa kidogo lazima washindane. Siku ya mashindano unaita, unaitikiwa, mnapeana vitu viwili tu: ninakusikia vizuri kiasi gani, na niko kanda ya ngapi kati ya zile arobaini walizoigawia dunia. Unaandika, unaita mwingine. Baadaye kila mtu anatuma orodha yake, na kompyuta ya waandaaji inazilinganisha mstari kwa mstari. Ulichoandika kisipofanana na alichotoa mwenzako, unakatwa. Na ukikosea jina la mwenzako, naye anakatwa, maskini ya Mungu, kwa kosa si lake.

Mwaka uliopita Abeid alidai amezungumza na vituo mia nne na mbili. Alikatwa tisini na tatu. Alikuwa akisikia herufi mbili tatu za mwanzo, zilizobaki anazimalizia mwenyewe, na programu ya kompyuta, ambayo nayo ilikuwa na ugonjwa uleule, ikimletea majina ya watu wanaojulikana hewani ili achague. Kanda ndiyo hakuisikiliza kabisa. Ya Mjapani aliijua kichwani, ya Mjerumani vilevile, na Mrusi alimpa yoyote iliyomjia kichwani, wakati nchi ile ina kanda chungu nzima. Matokeo yakatundikwa mtandaoni, dunia yote ikayaona. Stephano, mwalimu wa fizikia huko Gairo na rafiki yake wa miaka kumi na tano, akayatuma kwenye kundi la wanaredio na maneno mawili tu chini yake: Bwana Takriban.

Jina likamganda. Haikupita wiki hata mlinzi wa geti la chuo akawa anamuuliza Bwana Takriban ameamkaje. Abeid alicheka na wenzake, kwani ukionyesha kwamba utani umekukera ndiyo umejimaliza, lakini moyoni lilimuuma. Kilichomuuma zaidi ni barua pepe ya mzee mmoja wa Ufini, mwenye adabu zake, aliyemweleza kwamba amekosa nafasi ya tatu kwao kwa tofauti ya kituo kimoja, na kituo chenyewe ni Abeid, aliyemwandika jina la mtu mwingine. Mzee wa watu hakumlaumu. Alimwomba tu kwamba mwakani amsikilize mpaka mwisho.

Basi Abeid akaapa. Safari hii hakutaka kikombe wala nafasi. Alitaka kwenye ile safu ya waliokatwa, mbele ya jina lake, pasomeke sifuri, na hilo Takriban lizikwe. Kompyuta akasema ataiacha nyumbani, maana ndiyo iliyokuwa ikimtia majaribuni. Ataandika kwenye daftari. Lakini mtu hawezi kusikiliza, kuzungumza na kuandika kwa wakati mmoja, na hapo ndipo alipokwama. Akamwomba Raya amwandikie. Raya akamwambia kwamba yeye mwandiko wake hausomeki hata kwenye orodha ya sokoni, ila anamjua mtu mmoja ambaye katika maisha yake hajawahi kukosea kuandika namba.

"Nani?" Abeid akauliza.

"Mama."

Abeid alikaa chini. Nami simcheki, maana mtu na mama mkwe wake ni jambo zito, na kule kwao Raya milimani ni zito zaidi. Kwa miaka tisa ya ndoa Abeid hakuwahi kuketi mkeka mmoja na Bi Mosi, wala kula mbele yake, wala kumtazama usoni kwa muda wa kuhesabu tatu. Akifika Kinole alikuwa akisalimia kutoka uani, shikamoo mama, marahaba mkwe wangu, kisha anatafutiwa kiti upande wa pili wa nyumba. Sasa leo akae naye chumba kimoja kutwa nzima, amwamuru andika hiki, andika kile. Alimwambia Raya haiwezekani. Raya akanyamaza.

Lakini alipolala akilitafakari jambo hilo aliona mantiki yake. Bi Mosi alikuwa amefanya kazi miaka thelathini na mmoja kwenye mizani ya shamba la miwa, kule bondeni, kabla hajastaafu na kurudi kwenye ardhi ya ukoo wake. Kila trekta na kila lori lililobeba miwa lilipita mbele ya dirisha lake. Yeye ndiye aliyeandika namba ya gari, saa, na uzito, mchana wa vumbi na msimu wa mvua, injini zikinguruma na madereva wakigombana. Wenzake walisema kitabu chake hakikuwahi kurudishwa hata siku moja. Tena nyumba yake ilikuwa juu ya mgongo wa mlima, upande wa mashariki wote uko wazi, mahali ambapo mtu wa redio akipaona anameza mate. Abeid alikuwa akiutamani ule mgongo kwa miaka mitatu na hakuthubutu kuuomba.

Raya ndiye aliyekwenda kuzungumza. Akarudi na jibu kwamba mama amekubali, kwa sharti kwamba litundikwe pazia. Na kweli, Ijumaa walipopanda na betri, paneli ya sola, na waya wa antena, waliufunga ule waya kutoka kwenye mkarafuu hadi kwenye mwanzi mrefu aliousimamisha Abeid, kisha Raya akakigawa chumba cha mbele kwa kitenge kilichoning'inizwa kwenye kamba. Upande wa dirisha alikaa Abeid na mashine yake. Upande wa mlango alikaa Bi Mosi na daftari, kalamu mbili, na hedifoni za pili, ili asikie yote kwa masikio yake mwenyewe. Ukutani, juu ya pazia, Abeid akatundika saa aliyokuja nayo. Kila mtu akawa na heshima yake.

Mashindano yalikuwa ya saa kumi na mbili, kuanzia saa moja asubuhi ya Jumamosi hadi saa moja jioni. Bi Mosi alikuwa amejifunza zile Alfa, Bravo, Charlie kwa wiki mbili, akizisema huku anaanua karafuu. Kwake yeye yale hayakuwa majina ya watu. Yalikuwa namba za gari. Mjapani wa kwanza alipoitika, Abeid akalisema jina lake lote kwa sauti, na kanda, halafu akangoja. Kutoka nyuma ya pazia ikasikika kalamu, kisha sauti ya Bi Mosi ikatamka neno moja, lilelile alilowaambia madereva miaka thelathini na mmoja: "Pita."

Abeid akaita mwingine.

Na hapo ndipo jambo la ajabu lilipoanza. Mke unaweza kumdakia, mfanyakazi mwenzio unaweza kumdakia, hata mkuu wa idara kwa bahati mbaya. Mama mkwe humdakii. Abeid hakuweza kumwambia haraka mama, wala kumuuliza umeshaandika, wala kuchungulia daftari, maana kuchungulia kitu cha mkweo ni kumvunjia heshima. Alilazimika kukaa na kungoja mpaka lile Pita litoke. Katika kungoja, akajikuta anasikiliza. Jina likija nusu, anamwomba mwenye nalo arudie, kwa kuwa alijua nyuma ya pazia kuna mtu ambaye kalamu yake haitatembea mpaka limetimia. Ufini, India, Uhispania, Kenya pale jirani. Pita. Pita. Ukungu ulipanda kutoka bondeni ukafunika mwanzi, ukaondoka. Raya alileta uji, kila upande wa pazia na bakuli lake, na hakuna aliyesikia mwenzake akimeza.

Abeid alifurahi, jamani. Alikuwa na furaha ya mtu ambaye ameshikwa mkono bila kuambiwa kwamba ameshikwa.

Alasiri mambo yakachafuka kidogo. Hewa ilianza kuyumba, sauti zinakuja na kuzama, na watu wakawa wengi kwa mpigo. Mtu anaita, herufi ya mwisho inamezwa na mngurumo, anaitwa tena, hayupo. Mara moja moja Abeid, kwa pupa ya kutompoteza, alilitaja jina zima kama vile amelisikia lote. Alilijua, au alidhani analijua: ni yule yule wa mwaka jana, nani mwingine angekuwa na sauti ile. Kwenye nyakati hizo, nyuma ya pazia palikuwa na kimya kirefu kidogo, kisha Bi Mosi akasema, polepole, "Haya." Abeid akadhani mama wa watu amechoka. Akamwambia Raya ampelekee chai.

Saa moja jioni wakafunga. Bi Mosi akapitishiwa shukrani kupitia kwa Raya, naye akamwambia Raya amwambie mumewe kwamba kazi ilikuwa nzuri, ila mizani ilikuwa na vumbi zaidi. Daftari likafungwa kwa kitambaa. Abeid alilipokea kwa mikono miwili, na hakulifungua mpaka Jumapili, alipofika nyumbani Mzumbe, akawasha kompyuta, na kuanza kuchapa ile orodha ya kutuma. Kanuni zilitoa siku tano.

Mwandiko ulikuwa kama wa kitabu cha shule. Kila herufi imesimama peke yake, hakuna kilichofutwa wala kupakwa. Alichapa mstari wa kwanza, jina, ripoti ya usikivu, kanda, kisha akatazama safu ya saa. Saa 1:02. Wa pili, saa 1:04. Akageuza kurasa. Saa 5:40. Saa 9:15. Mistari yote ya siku nzima, Bi Mosi ameiandika kwa saa yetu ya Kiswahili, ile ya kuhesabu kuanzia alfajiri, wakati mashindano ya dunia yanaandikwa kwa saa moja ya kimataifa, ambayo saa moja yetu ya asubuhi kwao ni saa nne. Abeid alikuwa ametundika ile saa ya ukutani makusudi, imeshaelekezwa saa ya dunia, ili mama aitazame. Alichosahau ni kumwambia. Kumwambia kungekuwa kumfundisha mkwe kazi.

Alimwita Raya. Raya alitazama, akacheka mpaka akashika meza, akamwambia aongeze tatu kwenye kila mstari na maisha yaendelee. Na kanuni kweli ziliruhusu hilo. Saa yako ikiwa imepotea unaweza kuirekebisha baadaye. Usichoruhusiwa kurekebisha ni ulichosikia. Abeid akapumua, akaanza upya, tatu juu ya moja, tatu juu ya moja, hadi alipofika kwenye mistari ya saa tisa alasiri.

Pembeni ya mstari, kwa herufi ndogo zilezile safi, paliandikwa: Haikusikika yote. Mkwe amemalizia mwenyewe.

Aliusoma mara mbili. Akageuza ukurasa. Mwingine. Na mwingine. Jina limeandikwa mpaka pale lilipokatikia, halafu kistari, halafu maneno yale. Kwa jumla ilikuwa mistari kumi na mmoja, na kila mmoja aliukumbuka, kwa sababu ndiyo iliyopewa Haya badala ya Pita. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Kwa hiyo mama alisikia. Kila mara aliposema uongo wake mdogo wa kujiamini, palikuwa na mwanamke wa miaka sitini na nne, kwa umbali wa kitenge, aliyekuwa anasikia hewa ileile, na kwa heshima ya ukwe hakumwambia neno. Aliandika tu.

Usiku ule kundi la wanaredio lilichangamka. Stephano alitangaza kwamba amedai mia tatu na arobaini, na akauliza Bwana Takriban ana takriban ngapi. Abeid akahesabu. Pamoja na ile mistari kumi na mmoja, alikuwa na mia tatu arobaini na saba. Bila hiyo, mia tatu thelathini na sita. Akaiangalia. Tisa kati ya kumi na mmoja alikuwa na hakika nayo, hakika ya mtu anayeijua hewa. Akibahatisha vizuri hata hiyo miwili, atampita Stephano, tena sifuri yake itaandikwa vilevile, nyeupe, mbele ya dunia nzima. Shahidi ni mmoja tu, na huyo shahidi angekatwa ulimi kabla hajamwaibisha mkwewe. Alikaa mbele ya kompyuta akijua kabisa kwamba sifuri ya namna hiyo haimtoi jina. Ingemfanya Takriban asiyekamatwa, basi.

Jumanne aliomba ruhusa kazini, akamchukua Raya kwenye pikipiki, wakapanda Kinole. Mambo ya mkwe hayasemwi kwenye simu.

Bi Mosi alikuwa barazani, ametandaza karafuu kwenye mkeka. Abeid akakaa mbali, kwenye kigogo, na mazungumzo yakapitia kwa Raya kama kawaida, mwambie mama hivi, mwambie mumeo vile, ingawa kati yao hapakuwa na hatua sita. Akaanza na lile jepesi. Akamwomba Raya amwambie mama kwamba daftari limesomeka vizuri mno, ila kosa ni lake yeye Abeid, hakueleza kwamba ile saa ya ukutani ilikuwa saa ya dunia.

Bi Mosi akaacha kuchambua karafuu. Akamuuliza Raya kama ni kweli ile saa ilikuwa nzima. Alipohakikishiwa, akajifunika mdomo kwa ncha ya khanga, mabega yakaanza kutikisika, kisha akashindwa, akacheka hadi machozi. Akaeleza kwamba alipoingia asubuhi ile aliitazama, mshale uko kwenye nne, yaani saa kumi, na nje jua limeshatoka. Akajua saa ya mkwewe imekufa. Akamwonea huruma, kijana wa watu amebeba saa mbovu kutoka mjini mpaka mlimani, akaona asimwaibishe mbele ya mkewe, akavaa yake ya mkononi na kuandika kwa hiyo. Siku nzima alikuwa akimsitiri. Raya naye akacheka, na Abeid kwenye kigogo chake akacheka mpaka akakohoa, kwani naye kutwa nzima alikuwa akijizuia kutazama daftari kwa heshima hiyohiyo.

Walipotulia, Bi Mosi alirudi kwenye karafuu zake. Asingeuliza, Abeid alilijua hilo. Angeweza kunywa chai, kuaga, kushuka mlima, na lile jambo lingebaki hapo barazani hadi siku ya Kiyama.

"Mama," akasema, na Raya akageuka kwa mshangao, maana hakuambiwa amwambie mtu kitu. "Ile mistari kumi na mmoja. Ni kweli sikusikia. Nilikisia."

Bi Mosi hakumtazama. Lakini naye hakumtafuta Raya ampelekee jibu.

"Najua, mwanangu," akasema. "Kwenye mizani walikuwapo makarani wa kukisia. Gari likipita kasi, anaweka namba ya jana. Mara nyingi anapatia. Mimi sikuwa nawachukia kwa kukosea. Nilikuwa nawachukia kwa kuwa hata wao walisahau ipi waliiona na ipi waliitunga. Wewe bado unaikumbuka. Sasa unaifanyaje?"

Abeid akamweleza. Kanuni zilikuwa na mlango wake: unaweza kuuacha mstari kwenye orodha lakini ukauwekea alama kwamba huudai. Maana yake, huyu mtu tulisikizana naye, mpeni haki yake, mimi msinihesabie. Akiufuta kabisa, mwenzake wa upande wa pili ataonekana amezungumza na hewa, akatwe bure. Bi Mosi alimfanya aeleze mara mbili, akauliza kama wale kumi na mmoja hawatapoteza chochote, akajibiwa kwamba ambao jina lao litapatikana hawatapoteza. Akauliza na yeye Abeid atapoteza nini. Abeid akasema atapitwa na Stephano wa Gairo. Bi Mosi akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei na kuona inalipika, akamwambia Raya alete chai.

Orodha ilitumwa Jumatano. Mistari mia tatu thelathini na sita ya kudai, na kumi na mmoja yenye alama.

Matokeo yalitoka miezi mitatu baadaye, siku ambayo Abeid na Raya walikuwa Kinole wamekwenda kusaidia kuvuna. Simu iliita, ni Stephano, na kwa kuwa mikono ya Abeid ilikuwa imejaa vikonyo vya karafuu, Raya akaiweka sauti ya juu na kuiegemeza kwenye dirisha. Stephano hakungoja salamu. Amekuwa wa kwanza Tanzania, akasema, mia tatu thelathini na nane, wamemkata mbili tu, na anayemfuatia kwa karibu ni Bwana Takriban mwenyewe, mia tatu thelathini na sita, mbili pungufu, takriban amshinde, akacheka kwa mzaha wake, pole sana Bwana Takriban.

Abeid alitaka kucheka naye kama siku zote. Kabla hajafungua mdomo, Bi Mosi alikuwa ameshasimama kutoka kwenye mkeka. Akamuuliza Raya huyo Takriban ndiye nani. Raya, akiwa ameinamisha macho, akamwambia ni mumewe, na ni jina walilompa kwa sababu kwenye mashindano ya mwaka uliotangulia alikisia sana. Bi Mosi akajitanda khanga vizuri, akasogea dirishani.

"Hujambo, mwalimu. Hapa ni mama yake Raya."

Kule Gairo sauti ikatoka imenyooka kama ya mwanafunzi, shikamoo mama.

"Marahaba. Hongera kwa kushinda. Hao wawili uliokatwa, ulijua kwamba hukuwasikia vizuri?"

Stephano akababaika, akasema kwa kweli mmoja alikuwa na wasiwasi naye.

"Na mkwe wangu amekatwa wangapi?"

"Sifuri, mama."

"Mimi nimekaa naye kutwa, nasikia anachosikia. Huyu akikisia, anasema amekisia. Hilo jina mtafutieni mwingine."

Alisema bila hasira, kwa sauti ileile ya kazi, akarudi kwenye mkeka wake na kuendelea kuchambua. Stephano alisema ndiyo mama, akasema tena, akaaga kwa adabu na simu ikakatika. Raya alimtazama mumewe. Abeid alisimama ghafla, akasema waya wa antena umelegea, akatoka nje upande wa mkarafuu, na akakaa kule muda mrefu, anafuta macho kwa mkono wa shati, maana mwanamume halii mbele ya mkwewe.